Majiko ya umeme Kigoma yanakufa kwa waya, sio kwa uzee

Ndugu Mhariri, salaam.

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu na kila nikishika kazi nalikuta. Mi ni fundi umeme hapa Mwanga, Kigoma, na sa hivi kazi yangu kubwa ni majiko ya umeme, haya makubwa ya kusimama yenye pleti nne juu na oveni chini. Gazeti lenu linaandika sana habari za nishati safi ya kupikia na mnafanya vizuri, tunasoma, ule mkakati wa taifa wa 2024 mpaka 2034 tumeusoma humu humu kwamba ikifika 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, na picha za watu wanakabidhiwa majiko tumeziona. Ila bado sijasoma habari inayoeleza jiko likishaingia ndani linafungwaje, likigoma nani analishika, na spea yake inatoka wapi. Na shida yote iko hapo.

Niseme wazi tu. Majiko mengi ninayoitwa kuyaangalia, mwenye nyumba ananiambia "fundi hili limeshakufa", ukilifungua unakuta halijafa. Ni waya mwembamba, ni temino (pale waya unapofungwa kwa skrubu) imelegea, ni swichi moja ya kuzungusha imeungua, ni athi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini, haipo. Vitu vidogo. Lakini jiko limeshageuzwa kabati la sufuria, na mama karudi kwenye gunia la mkaa, na ukimuuliza anakwambia umeme haufai kupikia. Unafaa sana! Hajafungiwa vizuri tu.

Watu wa Dar wanaweza wasielewe kwa nini huku kwetu hali iko hivi. Mji huu umeishi miaka na miaka kwa majenereta ya dizeli, umeme ulikuwa wa mgao, hakuna mtu mwenye akili timamu aliyekuwa anawaza kuweka jiko la wati 7,000. Kwaiyo nyumba nyingi za Mwanga, Gungu, Katubuka mpaka Ujiji zilivutwa waya kwa ajili ya taa, tivii, feni na friji basi. Fundi aliyevuta waya miaka hiyo hakukosea, alifunga kwa matumizi ya wakati ule. Alafu gridi ya taifa ikafika, umeme ukatulia, watu wakaanza kununua majiko, mengine mapya mengine mtumba, yakaingizwa kwenye nyumba zile zile zenye waya zile zile. Hapo ndo moto ulipoanzia, na nasema moto kwa maana ya moto kweli.

Hesabu ni rahisi. Jiko la pleti nne na oveni likiwashwa lote linakula wati 7,000 mpaka 8,000. Gawa kwa volti 230 unapata ampea 30 mpaka 35 hivi. Soketi ya kawaida ya ukutani ni ampea 13, mwisho wake ni kama wati 3,000 tu, yaani pleti mbili za wati 1,500 zikiwa juu kabisa imeshajaa hapo, oveni bado hujaigusa. Na waya unaokwenda kwenye hiyo soketi ni wa milimita 2.5 ambao unahudumia soketi nyingine pia, friji iko humo, pasi iko humo. Sasa mtu ananunua jiko, muuzaji anamfungia plagi ya pini tatu pale pale dukani, anamwambia nenda kachomeke. Anachomeka, linawaka, anafurahi. Baada ya muda plagi inaanza kuwa ya moto ukiishika, alafu inabadilika rangi inakuwa kahawia, alafu harufu, na bado watu wanaendelea kupika maana pleti inapasha. Wengine wanaweka na ekstensheni kabisa, imeviringishwa nyuma ya jiko. Jamani.

Jiko la namna hii linatakiwa liwe na laini yake peke yake kutoka kwenye bodi, lile boksi la breka la nyumba. Kwa nyumba ya kawaida ambayo jiko haliko mbali na bodi ni waya wa milimita 6 wa kopa, yaani shaba, breka yake ya ampea 32, na swichi yake kubwa ukutani, ile ya ampea 45 yenye taa nyekundu, ikae pembeni ya jiko mahali mkono unafika bila kupita juu ya moto. Kuna wanaoniuliza mbona breka ni 32 na jiko linafika 35, si itakuwa inakata kila saa? Haikati, kwa sababu kupika kwa kawaida huwashi vyote kwa pamoja muda mrefu, na oveni ikishafika joto lake themostati, kile kidhibiti joto, inakata yenyewe inarudi inakata. Ila kama jiko liko mbali na bodi, au waya unapita na nyaya nyingine nyingi kwenye bomba moja, basi panda mpaka milimita 10, usibane pesa hapo.

Na kwenye kununua waya muwe macho. Siku hizi kuna waya unauzwa kama kopa, ukiushika ni mwepesi mwepesi, kwangua kwa kisu utaona juu rangi ya kopa ndani ni nyeupe, hiyo ni alumini iliyopakwa. Kwa taa unaweza usione shida haraka, kwa jiko ni hatari, unapata moto kwenye viungio na skrubu inalegea yenyewe. Mi nakwangua mbele ya mteja dukani kabla hajalipa, kuna wenye maduka wananinunia lakini bora waninunie.

Sasa niwaeleze kitu kimoja kwa ukaribu maana ndo ugonjwa namba moja ninaokutana nao na wasomaji wakikijua wataokoa majiko yao. Nyuma ya jiko, chini, kuna kiboksi kina kifuniko. Ukikifungua unakuta temino zimepangwa, majiko mengi ya Ulaya na Uturuki zinakuwa na namba, 1, 2, 3, alafu 4 na 5, na pembeni ile ya athi. Hizo 1, 2, 3 ni za fezi, waya unaoleta umeme, 4 na 5 ni nyutro, waya wa kuurudisha. Zipo tatu za fezi kwa sababu kuna nchi jikoni kwao wanaingiza fezi tatu. Sisi nyumba zetu nyingi ni fezi moja, kwaiyo lazima 1, 2 na 3 ziunganishwe kwa vile vibati vidogo vya shaba vinavyokuja na jiko, na 4 na 5 nazo ziunganishwe. Vibati hivyo mara nyingi viko kwenye kimfuko kidogo cha plastiki kimebandikwa nyuma au kimewekwa ndani ya oveni, na watu wanakitupa pamoja na maboksi! Fundi akija hana vibati anaunganisha fezi kwenye namba 1 tu, matokeo yake pleti mbili zinawaka, mbili hazijui hata kama kuna umeme, oveni kimya. Mteja anaambiwa jiko bovu limetoka bovu kiwandani.

Kuna mama mmoja wa Katubuka anaoka keki na skonzi za kuuza, aliniita akiwa ameshakata tamaa, fundi aliyenitangulia alimwambia atafute mtu wa chuma chakavu. "Baba, niambie ukweli tu, kama limekufa nijue." Nikashusha meni swichi, nikapima na testa kuhakikisha hakuna umeme, nikalivuta jiko. Kifuniko cha temino kilikuwa kimeyeyuka upande mmoja kimeshikana na waya kama nta, nikakitoa kwa bisibisi taratibu, ndani kile kibati cha kuunganisha 1 na 2 kimekuwa cheusi na skrubu yake inazunguka bila kushika. Hiyo tu. Waya ulikuwa wa 2.5, ngozi yake imekauka, ukiukunja inapasuka. Nilibadilisha temino nzima, nikakata waya wa ndani wa jiko ulioungua mpaka nikafika kwenye kopa inayong'aa, nikaunga na waya wa kuhimili joto, sio huu wa kawaida wa plastiki, alafu tukavuta laini mpya ya milimita 6 kutoka kwenye bodi. Oveni iliwaka, pleti zote nne ziliwaka. Mama alikaa kwenye kigoda akaliangalia tu. Jiko lile lina miaka mingi mbele yake, na lilikuwa linakwenda kupimwa kwa kilo.

Hizo skrubu za temino zikazwe kwa nguvu, na baada ya wiki kadhaa za kupika fundi arudi azikaze tena, maana kopa ikipata joto na kupoa inajisogeza. Kurudi huko ni dakika chache. Mi nawaambia wateja wangu kwamba ni sehemu ya bei ya kazi, sio hisani.

Athi naomba niiongelee kwa uzito wake. Nyumba nyingi nazozikuta hazina athi kabisa au ipo kwa jina, fimbo imechomekwa karibu na ukuta, kiangazi udongo ukikauka haifanyi chochote. Jiko ni bati tupu, na mpishi ana mikono ya maji na mara nyingi yuko pekupeku kwenye sakafu ya saruji. Watu wanazoea, wanakwambia "linapiga shoti kidogo tu, vaa kandambili." Hapana! Jiko likikupiga hata kidogo, zima kwenye meni swichi na usiliguse mpaka fundi alipime. Mtoto anapita anashika mlango wa oveni. Kama athi yako haijapimwa, usifunge jiko, weka athi kwanza, fimbo iende chini ya kutosha na ikae sehemu yenye unyevunyevu, na ipimwe kwa kifaa sio kwa macho.

Na ile breka inayokata umeme unapovuja, ikiwa inakata kila ukiwasha oveni, usimruhusu mtu aitoe. Nimekuta nyumba imeshatolewa ili wapike kwa amani. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba elementi ya oveni, lile bomba linalopasha, ndani yake ina unga mweupe unaotenganisha waya na bomba la nje, na unga huo unanyonya unyevu. Jiko likikaa masika nzima halijaoka kitu, ukiliwasha linavuja kidogo, breka inakata, na inafanya kazi yake sawasawa. Fundi anaitoa elementi, anaikausha taratibu kwenye joto, anaipima na mega, kifaa cha kupima kama umeme unavuja, kipimo kikipanda inarudishwa, kisipopanda inabadilishwa. Hapo hakuna uchawi wowote.

Pleti ikisumbua, kabla hujaita fundi jaribu kuzungusha swichi namba zote na ukumbuke kilichotokea, utanisaidia mimi na utajisaidia mfuko wako. Hizi pleti nzito za chuma ndani zina koili tatu, na ile swichi ya hatua saba kazi yake ni kuzipanga, kwenye moto mdogo kabisa umeme unapita koili zote moja baada ya nyingine, kwenye moto mkubwa kila koili inapata umeme wake. Sasa ikiwa namba ndogo kabisa haipashi hata kidogo lakini namba ya juu inapasha japo kwa uvivu, ujue koili moja imekatika, swichi haina kosa, pleti ndo ya kubadilisha. Ikiwa pleti imekufa namba zote, usikimbilie kununua pleti, pima swichi na waya kwanza. Na ikiwa inapasha namba zote sawa sawa huwezi kupunguza moto, hapo mshuku swichi. Kwa mwenye mita ya kupima omu, yaani ukinzani wa waya, pleti ya wati 1,500 inasoma kama omu 35 kwenye moto wake mkubwa, elementi ya wati 2,000 inasoma kama 26, ya wati 1,000 kama 53. Unapima umeme ukiwa umezimwa na waya umetolewa. Ukipata haisomi kitu, imekatika. Ukipata inasoma kati ya elementi na bomba lake la nje, inavuja, usiirudishe.

Keki inaiva juu inaungua, chini mbichi? Elementi ya chini imekatika, na haionekani kwa macho kwa sababu imejificha chini ya sakafu ya oveni, ndo maana watu wanadhani unga ni mbaya au hamira imekufa. Keki inachelewa na pembeni ya mlango pana joto kali mpaka vishikio vya swichi vinalainika? Angalia ule mpira wa mlango, umekauka umekatika. Taa ya ndani ya oveni iwe ya oveni yenyewe inayostahimili joto, ukiweka balbu ya kawaida itapasuka ndani ya chakula.

Kuna na mambo yetu wenyewe ya upishi ambayo hayako kwenye kitabu cha maelekezo. Huku tunapika na mawese, na mawese yakimwagika yanateremka kwenye shimo la kishikio cha swichi yanaingia ndani, yanakaa kwenye vidole vya swichi, zile pini za kuchomekea waya, siku moja yanaungua. Futa mapema, jiko likiwa limezimwa. Sufuria nazo, zile zilizopigwa na mafiga mpaka kitako kimekuwa duara, ukiiweka kwenye pleti inagusa katikati tu, joto halipandi kwenye chakula, linabaki kwenye chuma, pleti yenye doa jekundu katikati ina kikata joto chake humo ndani kwaiyo inakata inarudi inakata, na wewe unasema jiko halina nguvu. Tafuta sufuria yenye kitako bapa kinachoenea pleti. Na ugali wa muhogo unasongwa kwa nguvu, jiko lisimame sawa kwenye miguu yake minne na sufuria ishikwe vizuri, nimeona jiko linasogea kidogo kidogo kila siku mpaka waya wa nyuma unavutika unatoka kwenye temino.

Volteji. Jioni watu wote wakiwasha inashuka, na watu hawajui inavyoathiri. Joto la pleti halishuki kwa kiasi kile kile cha volti, linashuka zaidi. Volti zikiwa 180 badala ya 230, pleti ya wati 1,500 inabaki kama wati 920, ni asilimia 61 tu ya nguvu yake. Maharage hayaivi, keki inakaa. Jiko halina ugonjwa, lipime siku nyingine mchana. Lakini kama volti ziko chini kwako tu na kwa jirani ziko sawa, kuna kiungio kinalegea mahali fulani kati ya nguzo na bodi yako na hicho kinapata moto, piga simu TANESCO waje waangalie upande wao, na fundi wako aangalie upande wako.

Neno moja kwa ndugu zetu wanaotumiwa majiko na watu wao walioko Marekani. Kule jiko linalishwa na waya mbili za moto zenye volti 240 kati yake na volti 120 kila mmoja kwenda nyutro, na mapigo ya umeme wao ni 60 kwa sekunde sio 50 kama yetu. Elementi zinaweza kupasha huku, ila saa, taa na vile vitu vya 120 mtu akikuungia kiholela vinaungua siku hiyo hiyo. Usikubali kufungiwa na mtu ambaye hajakuchorea kwanza anaunga nini wapi.

Nije kwenye spea, hapa ndo moyo unaniuma zaidi. Duka hapa mjini linakuuzia jiko kwa pesa nyingi, lakini ukirudi kutafuta swichi ya kuzungusha wanakuambia hatuuzi spea, nunua jiko lingine. Kwaiyo tunaagiza Kariakoo, Dar, zaidi ya kilomita 1,200, unampigia mtu unamwambia nataka swichi ya jiko la kampuni fulani, anakuuliza modeli, hujui, anakutumia kitu kwa basi, kinafika hakiingii, mti wake, kile kijiti kinachoingia kwenye kishikio, mrefu au vidole vyake vimepangwa tofauti. Pesa imekwenda, mteja amekasirika, fundi anaonekana tapeli.

Dawa yake ipo na haina gharama. Usitafute kwa jina la jiko, tafuta kwa namba iliyoandikwa kwenye spea yenyewe. Viwanda vingi vya majiko havitengenezi swichi wala pleti, vinanunua kwa watengenezaji wachache, mkubwa wao anajulikana ni E.G.O. wa Ujerumani, swichi zake, pleti zake na themostati zake ziko ndani ya majiko ya majina mengi tofauti. Ukiitoa swichi utaona namba ndefu imegongwa ubavuni, namba hiyo ndo jina lake la kweli. Piga picha ya namba, piga picha ya swichi upande wa vidole ukionyesha waya gani uko wapi kabla hujachomoa hata mmoja, pima urefu wa mti wake na uangalie ubapa wake umekatwa upande gani. Kwa pleti pima upana, milimita 145 au 180 ndo za kawaida, na usome wati zilizogongwa chini yake. Kwa themostati ya oveni angalia nyuzi joto za mwisho na urefu wa ule mrija mwembamba wa shaba, na mrija huo usiukunje kona kali, ndani una kimiminika, ukipasuka themostati imekwisha. Alafu kuna kibandiko cha modeli ya jiko, angalia kwenye fremu ukifungua mlango wa oveni, au droo ya chini, au mgongoni, kipige picha siku ile ile unanunua kwa sababu mvuke na sabuni vinakifuta. Tuma picha zote hizo Kariakoo, mwambie anayeuza naye akutumie picha ya anachokifunga kwenye bahasha kabla hujalipa.

Na mafundi wenzangu wa Mwanga na Ujiji, nawaomba majiko yaliyokufa kweli tusiyaache yaende kwenye mizani ya chuma chakavu yakiwa mazima. Toeni swichi, temino, vishikio, themostati, pimeni, andikeni namba, wekeni kwenye kopo. Jiko moja lililoungua mwili linaweza kufufua matatu, na mteja anapika jioni ile ile badala ya kusubiri basi.

Najua kuna watakaosema haya yote ya nini wakati LUKU inakimbia. Tuhesabu basi. Kwa mteja wa kawaida uniti moja na makato yake ni kama shilingi 356. Oveni ya wati 2,000 hata ingewaka saa nzima bila kukata ni uniti 2, shilingi 712, na kiukweli haifiki hapo kwa sababu themostati inakata. Maharage ndo yanakula, ukiyaweka makavu kwenye pleti ya wati 1,500 saa mbili moto mkubwa ni uniti 3, zaidi ya shilingi 1,000 kwa chungu kimoja, kwaiyo loweka usiku, yakichemka shusha moto, na zima pleti mapema kidogo maana chuma kile kinabaki na joto muda mzuri. Ila kuna jambo wauzaji hawasemi. Wale walioko kwenye ile bei nafuu ya D1, ya shilingi 100 kwa uniti kabla ya makato, inaishia uniti 75 kwa mwezi, na ukipika kila siku kwa umeme unaweza ukapita na ukahamishwa kwenye bei ya kawaida. Mtu aambiwe kabla hajanunua, aamue mwenyewe akiwa anajua. Mi naona serikali ingeliangalia hili, haileti maana kumhimiza mama apikie umeme alafu akipikia anapandishiwa bei ya hata taa yake.

Kwaiyo maombi yangu ni haya Mhariri. Wenye maduka wa Kigoma wasiuze jiko bila mchoro wa temino na vile vibati, wamwonyeshe mteja kwa mkono, na waweke japo swichi, temino na elementi za majiko wanayoyauza. Wateja wadai fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, waione leseni yenyewe. Vyuo vya ufundi vya mkoa wetu viwafundishe vijana kufungua jiko la umeme na kulitengeneza, sio kuvuta waya za nyumba tu, kazi ipo na itazidi. Na wale wanaoratibu huo mkakati wa 2034 wanapohesabu majiko yaliyogawiwa wahesabu pia yanayowaka mwaka mmoja baadaye.

Kwenu gazeti, naomba mtutengee kona ndogo, hata mara moja kwa mwezi, ya ufundi wa majiko. Mchoro wa temino 1, 2, 3, 4, 5 na athi kwa nyumba ya fezi moja nimeshauchora kwa kalamu kwenye karatasi, unasomeka vizuri, nautuma pamoja na barua hii muutoe mkipata nafasi, hauna malipo.

Ni mimi,
Fundi umeme, Mwanga, Kigoma